Mgonjwa Yuko Nje

Kwa miaka kumi na mmoja nimeugua magonjwa yote ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi. Nimeumwa malaria mara nyingi kuliko mbu wenyewe, nimejifungua watoto wa watu, nimevunjika mguu kwa kuanguka kutoka kwenye kabaza, ile baiskeli ya kubebea abiria, na mwaka juzi, mimi mwanamke mzima na bibi wa wajukuu wanne, niliumwa ngiri ya mwanamume kwa wiki nzima. Msishangae. Mimi ni mkalimani wa kituo cha afya, na kanuni ya kazi yetu ni kwamba mkalimani akifungua kinywa husema "mimi". Mgonjwa akilia kwa Kiswahili cha Uvira, kule Kongo, kwamba tumbo linamkata, simwambii dokta kwamba mama huyu anasema hivi na vile. Namtazama dokta usoni na kusema kwa Kiingereza, "Tumbo linanikata." Ndivyo tulivyofundishwa katika semina ya siku tatu. Cheti chake nimekitundika ukutani juu ya cherehani yangu, mahali ambapo mteja hawezi kukikwepa.

Jina langu ni Mathilde Akilimali. Akilimali ni jina la baba, kwa kuwa wazee walisema akili ni mali. Kama walisema kweli, basi mtaona nilivyo fukara.

Kazi hii niliipata kwa kiherehere. Nilikuwa kwenye foleni, na mkalimani wa siku hizo alimwambia dokta kwamba mzee mmoja wa Fizi anakohoa, wakati mzee alisema wazi kwamba anakojoa kwa shida. Nikapaza sauti kutoka mwisho wa foleni. Kesho yake nikaitwa. Kifaransa nilikisoma shuleni, Kirundi nilikiokota bombani kwa majirani, Chichewa nilijifunza kwa kugombania bei sokoni, na Kiingereza nilikipata kwenye Biblia, ndiyo maana hadi leo nikikasirika naongea kama nabii.

Sifa yangu kubwa ilikuwa akina mama wanaoficha. Mwanamke wa kwetu, awe Mbembe, awe Mfuliiru, awe Mrundi, akiwa na shida ya chini ya kitovu atasema anaumwa mgongo. Utamuuliza mara tatu, atasema mgongo. Mimi nilikuwa siwapi nafasi. "Dada, mgongo hautoki damu," nilikuwa nawaambia, "sema vizuri, mi siko mume wako." Na wakasema, na wakatibiwa, na mimi nikavimba kichwa. Mpaka wakanipa somo la Ijumaa. Kila Ijumaa asubuhi nilisimama mbele ya akina mama sitini waliokaa kwenye mabenchi ya kituo, nikainua kidole na kutangaza: "Mwanamke ambaye hedhi yake imekoma, akiona damu tena, hata tone moja, asikae nyumbani! Aje siku hiyohiyo! Mficha maradhi, kifo humuumbua!" Wakapiga makofi. Nikainama kidogo kama mtu aliyetunga methali hiyo mwenyewe.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tatu nilifundisha somo hilo nikiwa nimekaa. Niliwaambia kwamba miguu imevimba. Ukweli ni kwamba niliogopa kusimama, maana asubuhi ile nilikuwa nimeona damu, na hedhi yangu ilikoma miaka sita iliyopita.

Haikuwa nyingi. Ilikuja siku mbili, ikakauka, nikamshukuru Mungu, ikarudi, nikamshangaa. Nikaanza kujitafutia sababu, na katika kazi hiyo nina kipaji. Kwanza nikasema ni ndimu, nimekula nyingi. Kisha nikasema ni ndoo ya maji niliyoinua vibaya. Siku moja, wakati mhubiri akisoma habari za Sara aliyezaa uzeeni, nilitokwa jasho kanisani. Mimi ni mjane wa miaka tisa, sijaguswa hata na upepo wenye nia mbaya, na bado kwa dakika tano nzima niliogopa mimba kuliko ugonjwa.

Kwa kuwa mimi ni fundi wa nguo, vitambaa havikunipa shida. Nilichukua mabaki ya sare ya kwaya niliyoshona Pasaka, kitambaa cha zambarau, kizuri, kinanyonya maji vizuri, nikakikata na kukikunja mara nne. Kwaya nzima ikanisitiri bila kujua.

Mtauliza kwa nini sikusema. Nilikaa chumba kimoja na dokta siku tano za wiki! Lakini kinyozi hajinyoi. Na tena mnajua maneno ya kambini. Mjane akionekana anatokwa damu, hakuna atakayesema ni ugonjwa. Watasema mimba imetoka, kisha wataanza kuwatazama mashemasi mmoja mmoja. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu yenyewe ni kwamba niliogopa. Nilikuwa nimetafsiri neno kansa mara nyingi, nikaona linavyomfanya mtu aliyekaa kwenye kile kiti. Lilikuwa neno la kiti kile, na mimi kiti changu kilikuwa kile cha pembeni.

Mwezi wa tano nikajikaza. Wagonjwa walikuwa wameisha, na Dokta Mphande, kijana mpole wa hapahapa Dowa, mwenye umri wa mwanangu Ezechiel, alikuwa anajaza daftari lake. Nikavuta pumzi.

"Dokta," nikasema, "hedhi yangu ilikoma miaka sita iliyopita. Tangu mwezi wa tatu natokwa damu. Inakuja, inakauka, inarudi."

Bila kuinua kichwa aliyaandika maneno yangu yote mpaka nukta. Kisha akatazama kiti cha mgonjwa. Kilikuwa kitupu.

"Mgonjwa yuko wapi?" akauliza.

Nilikuwa nimesema "mimi" kwa ajili ya watu wengi mno, na "mimi" yangu ilikuwa imechakaa. Ningeweza kumwambia palepale, Dokta, mgonjwa ndiye huyu unayemtazama. Mtu mwenye akili angemwambia. Mimi nilisikia kifua kikinilegea kwa furaha, kama mtoto aliyesamehewa kuchapwa.

"Yuko nje," nikasema.

Na nje kweli kulikuwa na mtu. Alikuwa Capitoline, jirani yangu, Mrundi wa Makamba, mama wa mapacha Ganza na Carelle. Ananunua nyanya soko la Madisi na kuziuza kambini, na sauti yake inafika sokoni kabla yake. Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye benchi akinisubiri tukachague vifungo vya gauni lake. Nikamshika mkono.

"Mama Ganza, ingia. Kaa pale kwa kiti. Dokta akiuliza, sema tu kitu, mi njo nitatafsiri."

"Niseme kitu gani?"

"Kitu yoyote. Sema mrefu."

Akaingia, akakaa. Dokta akamtabasamia, akasema nimuulize damu ilianza lini. Nikamuuliza Capitoline habari za safari yake.

"Mana yanje! Usiniulize," akasema Capitoline. "Nyanya ya Madisi iko bei ya wazimu. Na ule wa kabaza alinimwangia kitunga nzima mu matope. Nzima! Na hakusema hata pepani, hata pole."

"Ilianza mwezi wa tatu," nikamwambia dokta. "Kila mwezi inarudi, na sasa inakuja na maumivu kidogo."

"Naona anaumia sana," akasema Dokta Mphande kwa huruma, maana Capitoline alikuwa karibu kulia kwa ajili ya kitunga, kile kikapu chake cha nyanya.

Akauliza kama mgonjwa ana kisukari. Mimi ninacho, na nina unene wa kutosha watu wawili; nikajibu ndiyo. Dokta akamtazama Capitoline, ambaye ni mwembamba kama ufito, akamtoboa kidole na kupima. Sukari ikatoka safi kama ya mtoto mchanga. "Huwa inapanda na kushuka," nikasema, nikitazama dirishani.

Kisha akaweka kalamu chini na kueleza, akimwangalia Capitoline machoni kama inavyotakiwa. Alisema si lazima iwe kansa. Mara nyingi ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi umekonda tu kwa umri, au kuna kinyama kidogo kimeota humo ndani kisicho na ubaya. Lakini katika kila wanawake kumi wanaotokwa damu baada ya kukoma hedhi, mmoja hivi hukutwa na kansa ya ukuta huo, na hakuna dokta anayeweza kumtambua huyo mmoja kwa kumtazama usoni. Ni lazima apigwe skani, ukuta upimwe unene, na kipande kidogo kichukuliwe kikatazamwe kwa darubini. Ikiwahiwa, inatibika. Akaandika barua ya kwenda Lilongwe, kwa jina la Capitoline Irangabiye.

"Mwambie asichelewe," akasema.

"Anasema usichelewe," nikamwambia Capitoline, na hiyo ndiyo sentensi pekee niliyotafsiri sawasawa siku ile.

Nje, Capitoline alisimama katikati ya njia na kuweka mikono kiunoni.

"Mama Ezechiel. Mi njo niko na ugonjwa gani?"

"Haiko yako," nikasema. "Kuna mama mumoja iko na haya, hawezi kuja. Tunamusimamia tu. Bakikupa dawa kule Lilongwe, nitamupelekea."

Msinicheke sana. Sisi wa kambini tumezoea kusimamiana. Nakusimamia foleni ya bomba, unanisimamia foleni ya sabuni. Jirani akiwa na homa, ndoo yake inasonga mbele pamoja na zetu. Niliona kwamba hata ugonjwa unaweza kusimamiwa. Capitoline atalala kitandani, dokta wa Lilongwe ataandika vidonge, na mimi nitavimeza. Mpango huu niliuchunguza kwa wiki mbili kutoka kila upande na sikuona tobo, mimi mwenye cheti.

Capitoline alishusha mikono.

"Uyo mama, mi namujua?"

"Hapana. Anakaa mbali."

"Mbali sana?"

"Sana."

"Aya," akasema. "Tutaenda."

Hakuuliza tena. Mwanamke ambaye huuliza hadi jina la mama mkwe wa muuza chumvi, hakuuliza tena, na mimi sikuona ajabu yoyote.

Siku ya Jumanne gari la kituo lilitupeleka Lilongwe pamoja na wagonjwa wengine wawili. Nilivaa kitambulisho changu cha ukalimani shingoni. Capitoline alikuwa amenyweshwa lita nzima ya maji, kama barua ilivyoagiza, ili skani ione vizuri, na tangu njia panda ya Dowa hadi mjini alinitukana kwa Kirundi kila tulipopita kwenye shimo.

Daktari wa hospitali ile alikuwa mwanamke wa makamo, Dokta Nyirongo, mwenye miwani na maneno machache. Akasoma barua, akamlaza Capitoline kitandani, akampaka tumboni yale mafuta ya baridi, akaanza kupitisha kifaa chake. Mimi nilisimama pembeni na macho kwenye kioo. Nilijua kabisa kwamba tumbo lile si langu. Bado nikajikuta naomba, Bwana, ukuta wake uwe mwembamba. Nilitaka kupona kupitia tumbo la mtu mwingine.

Dokta akapita kushoto, akapita kulia, akabonyeza chini ya kitovu, akarudi. Akapaka mafuta mengine. Akakunja uso.

"Muulize kama aliwahi kupasuliwa."

Nikamuuliza. Nilitegemea habari za nyanya. Capitoline alikuwa anatazama dari.

"Muambie ndiyo," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema polepole. "Ile mwaka ba Ganza na Carelle balizaliwa. Damu ilikataa kusimama. Kule Bujumbura balinipasua, balitosha kizazi yote. Mi nilikuja kujua kisha siku tatu."

Nilimjua mwanamke huyu kwa miaka kumi na miwili. Tumelia pamoja, tumezika pamoja. Alitwambia sote kwamba baada ya mapacha alimwomba Mungu ampumzishe na Mungu akasikia. Alitwambia kwamba mume wake, Sinzinkayo, alikwenda Tanzania kutafuta kazi. Sasa alikuwa amelala pale na tumbo wazi, anasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, na mimi nilitakiwa kulitafsiri.

Nikalitafsiri. "Waliondoa mfuko wangu wa uzazi," nikasema, kwa kufuata kanuni.

"Ndivyo ninavyoona," akasema Dokta Nyirongo, na akamwambia muuguzi kwa Chichewa, "Alibe chiberekero." Hana mfuko wa uzazi. Kisha akanigeukia, na akasema kila neno peke yake: "Basi muulize damu inatoka wapi."

Muuguzi aliacha kuandika.

"Anauliza damu inatoka wapi," nikasema kwa Kiswahili. Sauti ilitoka nyembamba kama uzi.

Capitoline alijiinua kwa kiwiko, akanitazama.

"Jibu, Mama Ezechiel. Mi niliisha kusema yangu."

"Ni mimi," nikamwambia dokta. "Mimi ndiye natokwa damu."

"Ndiyo, nasikia," akasema dokta bila subira, "lakini yeye anasema nini?"

Ile kanuni! Nikatamani kurudi kwenye semina nikaichane. Nikavua kitambulisho shingoni, nikakiweka juu ya meza, nikavuta kiti cha mgonjwa na kukikalia.

"Mathilde Akilimali," nikasema. "Miaka hamsini na minane. Nina kisukari. Damu ni yangu."

Kisha nikalia, na si kile kilio kizuri cha msibani cha kuinamisha kichwa na kitambaa. Nililia kwa pua na kwa mabega, huku nikisema pole, pole, kwa lugha tano. Dokta Nyirongo aliniacha nimalize.

"Umewatafsiria wanawake wangapi jambo hilihili?" akaniuliza.

"Wengi."

"Na uliwaambia nini?"

"Waje siku hiyohiyo."

Hakunigombeza. Akamsaidia Capitoline kushuka ili akimbilie chooni, maana lita ile ilikuwa bado inamdai haki yake, akaanza barua mpya yenye jina langu, na kuniambia nipande.

Nilipopanda, nikasikia mlango na nyayo. Capitoline alikuwa amerudi. Alichukua kitambulisho changu mezani, akakivaa, akasimama pembeni yangu pale nilipokuwa nasimama mimi, na kunishika mkono. Mjue kwamba Capitoline hajui Kiingereza, na Chichewa chake ni cha kuuza nyanya. Hilo halikumzuia. Dokta alipoeleza kwamba ataingiza kifaa cha skani kwa njia ya chini ili aone karibu zaidi, Capitoline alinitafsiria, "Anasema usiogope." Dokta aliposema kwamba kwa mwanamke wa umri wangu ukuta hautakiwi kuzidi milimita nne, na wangu umefika kumi na sita, Capitoline alisema, "Anasema usiogope." Dokta alipochukua mrija mwembamba kama bua la mtama, akasema utapita mlango wa kizazi na kunyofoa kipande, na nitasikia kubanwa, nilisubiri tafsiri kwa hamu.

"Anasema—"

"Najua," nikasema. Kisha nikabanwa, nikapiga kelele, na nikaponda vidole vyake.

Kipande chenyewe kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Kikatiwa kwenye kichupa chenye dawa, na safari hii kichupa kikaandikwa jina la mwenyewe.

Tulikaa kwenye korido tukisubiri gari. Niliona haya kumtazama.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua tangu kwa kamba ya nguo. Nani anafuaka vitambaa vya kwaya kila siku, na kwaya haijaimba tangu Pasaka?"

"Sasa juu ya nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesema mgongo."

Alikuwa na haki.

"Na ulijua mashini haitaona kitu."

"Njo maana nilikuja," akasema Capitoline. "Mashini haiwezi kuona kitu yenye haiko. Nikasema, pale Mama Ezechiel hatakuwa na pa kukimbilia." Akakunja pindo la kitenge. "Sinzinkayo hakuendaka kutafuta kazi. Alienda kutafuta mwanamuke wa kumuzalia. Sasa unajua yangu, na mi najua yako. Tusisumbuane."

Nilimpenda mwanamke yule, na nikaona haya kwamba nilimchukua kama mtu wa kunishikia nafasi kwenye foleni.

Majibu yalichukua wiki tano. Ijumaa zote tano niliendelea kufundisha. Ijumaa ya kwanza nilisimama mbele ya mabenchi, nikainua kidole changu kama kawaida, nikakishusha. Nikawaambia, "Mi mwenyewe nilikaa na damu zaidi ya miezi mbili, na nilikuwa nawadanganya hapa mbele." Hawakupiga makofi. Mama mmoja wa mstari wa nyuma, aliyekuja wiki tatu mfululizo kwa ajili ya mgongo, akanyanyua mkono na kuuliza kama anaweza kusema na mimi pembeni. Kuhusu mashemasi, maneno yalipita kweli, kwa siku nne. Mmoja wao, mzee wa miaka sabini na tisa, nasikia alifurahi kutajwa.

Siku ya majibu nilikaa kwenye kiti cha mgonjwa bila kuambiwa. Capitoline alikaa kile cha pembeni na kitambulisho changu shingoni. Dokta Nyirongo alifungua karatasi ya maabara, akanitazama, akasema kwa Kiingereza chepesi, bila kuzunguka. Ni kansa ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi. Ni ile ya daraja la kwanza, inayokua polepole. Inaonekana bado haijatoka nje ya mfuko, lakini tutajua kwa hakika baada ya kuondoa mfuko wote, na mifuko ya mayai pamoja nao, na kuvipeleka tena maabara. Nafasi ya kupona ni nzuri. Ningekaa nayo mwaka mzima, angesema mengine.

Nilimsikia kila neno. Nilitazama mikono yangu, ikawa ya mtu mwingine.

Capitoline alinigeukia, akafanya kazi yake. "Anasema usiogope."

"Hapana, Mama Ganza," nikasema. "Anasema ni kansa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitoa kinywani kwa ajili yangu. Capitoline alinisogelea. Yule mwanamke wa sauti ya sokoni alinong'ona.

"Na banatosha yote, kama yangu?" akauliza.

"Yote."

"Mi niko miaka makumi mbili bila ile kitu," akasema, "na bado nabeba vitunga." Kisha akaanza kulia. "Naogopa, Mathilde." Hakuwahi kuniita kwa jina langu kabla ya hapo.

"Anasema nini?" akauliza Dokta Nyirongo.

Nikamtafsiria kama semina ilivyofundisha. "Naogopa."

Dokta akashusha miwani. "Nani? Yeye au wewe?"

"Sote wawili."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua kalamu na kuandika tarehe ya upasuaji. Akasema nije jioni ya siku moja kabla, na kuanzia hapo nisile wala nisinywe kitu chochote mpaka nitakapozinduka.

"Anasema nini?" akauliza Capitoline, akijifuta macho kwa kamba ya kitambulisho.

"Anasema tusikule kitu kutoka ile jioni mpaka mi niamuke."

"Hata mi?"

Nilimtazama. Alikuwa ameutoa mbele ya watu wa lugha ngeni ule mzigo alioubeba peke yake kwa miaka ishirini, kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa sijui namna ya kumshukuru. Na tena, niseme ukweli, nilitaka mtu wa kuwa na njaa pamoja nami.

"Hata we," nikasema.

Huo ulikuwa uongo, wa mwisho katika kazi yangu, na sijautubu.

Nilipozinduka siku ile, sikuona kitu. Macho yalikuwa mazito, tumbo lilikuwa linawaka, na sikujua kama niko duniani au nimeshavuka. Nikatega sikio. Sikusikia malaika. Karibu kabisa na kichwa changu nikasikia tumbo la mtu linanguruma, refu, kwa hasira, likanyamaza, likaanza tena.

"Mama Ganza," nikasema, "sasa unaweza kukula."